Nani Alimlipa Mwalimu? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Fedha na Walimu wa Shule za Kilimanjaro na Arusha, 1900–1940

Maswali haya yamekusanywa hapa Moshi kutoka kwa wanafunzi wanaosoma historia, kutoka kwa wajukuu wanaotafuta habari za babu zao waliokuwa walimu, na kutoka kwa walimu wastaafu ambao bado wanabishana kuhusu mambo yaliyotokea kabla hawajazaliwa. Kila jibu linajitosheleza. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa, msomaji ataelekezwa kwenye swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Je, Moshi na Arusha zilikuwa na shule za sekondari mwanzoni mwa karne ya 20?

Kwa maana tunayoipa sekondari leo, hazikuwapo kwa watoto wa Kiafrika. Kulikuwa na ngazi za chini ambazo zilikuwa nyingi, na juu yake shule chache za kati zenye bweni, zilizowachukua vijana waliokwisha kujua kusoma na kuandika na kuwaandaa kuwa makarani, walimu na wasaidizi wa watawala. Shule ya serikali ya Old Moshi ilikuwa ya aina hiyo. Kijana aliyetaka kuendelea zaidi alilazimika kuvuka nchi hadi Tabora, ambako serikali ya Kiingereza ilifungua shule mwaka 1922 ikiwalenga hasa watoto wa machifu, na aliyefaulu huko alitazama Makerere, Uganda, chuo kilichoanzishwa mwaka huohuo wa 1922. Njia hiyo ndiyo aliyoipita baadaye Julius Nyerere, aliyeingia Tabora mwaka 1937 akitokea Musoma, kisha Makerere mwaka 1943.

Kwa hiyo anayeuliza habari za sekondari za wakati ule huku Kaskazini anauliza, kwa kweli, habari za shule za kati na vyuo vya ualimu, kwa kuwa hizo ndizo zilizokuwa kilele. Ilboru, ambayo wengi huitaja, ilianzishwa na Walutheri mwaka 1946, yaani nje ya kipindi tunachokizungumzia.

2. Nani alikuwa analipia shule: serikali, misheni au wazazi?

Wote watatu, lakini si kwa kiasi kimoja wala si kwa wakati mmoja. Hadi mwaka 1927 mzigo mkubwa ulikuwa wa misheni na wa waumini wenyewe. Kuanzia mwaka 1928 serikali ilianza kutoa ruzuku ya kisheria kwa baadhi ya shule za misheni (tazama swali la 4). Hazina za tawala za wenyeji nazo zilichangia shule za tawala hizo, na fedha za hazina hizo zilitokana kwa sehemu kubwa na kodi aliyoitoa mwananchi. Kuhusu wazazi, mchango wao hauonekani vizuri katika vitabu vya hesabu kwa sababu mara nyingi haukuwa sarafu. Ulikuwa mawe yaliyobebwa kutoka mtoni, nguzo, majani ya kuezekea, siku za kazi, na ndizi zilizopelekwa nyumbani kwa mwalimu. Mtu akihesabu shilingi peke yake atadhani shule zilijengwa na watu wa mbali.

3. Wajerumani waliacha nini?

Waliacha mgawanyo ambao Waingereza waliurithi karibu kama ulivyo. Serikali ya Kijerumani ilifungua shule yake ya kwanza Tanga mwaka 1892, na shule zake zilifundisha kwa Kiswahili kwa lengo lililo wazi: kupata makarani, wakiwemo wa forodha, maakida (watawala wasaidizi wa wilaya) na mafundi. Misheni zilifundisha ili watu wasome Maandiko. Kilimanjaro ilikuwa mikononi mwa misheni: Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa Kilema na Kibosho, na Walutheri wa Leipzig, misheni ya Kijerumani, walianza Machame mwaka 1893, kisha Mamba na Old Moshi. Vita ilipoanza mwaka 1914, shule za misheni katika koloni zima zilikuwa na wanafunzi zaidi ya 150,000, ilhali za serikali zilikuwa na takriban 6,000 tu. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kila mpango wa fedha uliofuata ulilazimika kujadiliana na makanisa.

## Ruzuku

4. Ruzuku ya serikali kwa shule za misheni ilianza lini, na kwa nini?

Idara ya Elimu ya Tanganyika iliundwa mwaka 1920 chini ya Stanley Rivers-Smith, ikiwa na fedha kidogo na walimu wachache mno. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones na ambayo mmoja wa wajumbe wake alikuwa James Aggrey wa Pwani ya Dhahabu (Ghana ya leo), ilipita Afrika Mashariki ikashauri serikali na misheni zishirikiane badala ya kila mmoja kwenda njia yake. Mwaka 1925 London ilitoa waraka wa sera ya elimu kwa makoloni ya Afrika uliokubaliana na wazo hilo, na Oktoba mwaka huo Gavana Donald Cameron akaitisha mkutano wa elimu Dar es Salaam, ambamo wakuu wa misheni walikaa meza moja na maofisa wa serikali. Matunda yake yalikuwa Sheria ya Elimu ya Waafrika ya mwaka 1927, ambayo utekelezaji wake ulianza 1928.

Sababu kubwa ilikuwa hesabu nyepesi: serikali isingeweza kujenga upya kile ambacho misheni zilikuwa nacho tayari. Upande wa Kanisa Katoliki, mwaka 1928 Askofu Arthur Hinsley, aliyetumwa na Roma kuzungukia nchi hizi, aliwaagiza wamisionari washirikiane na serikali kwa nguvu zote, hata ikibidi kanisa la mahali lisubiri ili shule itengenezwe kwanza. Ukipanda leo vijiji vya Kibosho na Rombo na kuona shule iliyojengwa vizuri kuliko kanisa la zamani la jirani, kumbuka agizo hilo.

5. Ruzuku ilihesabiwa vipi? Kwa idadi ya watoto?

Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa hilo huharibu kila hitimisho linalofuata. Ruzuku haikumfuata mtoto. Ilimfuata mwalimu mwenye cheti. Shule ilipaswa kwanza kusajiliwa, kisha kufuata muhtasari wa masomo uliokubaliwa, kisha kukubali mkaguzi aingie darasani. Ikitimiza hayo, serikali ilichangia gharama za walimu waliotambuliwa, Wazungu na Waafrika. Shule yenye watoto mia mbili na katekista asiye na cheti haikupata kitu. Shule yenye watoto arobaini na mwalimu mwenye cheti ilipata.

Ninalo daftari la mahudhurio lililokuwa katika sanduku la bati la marehemu babu yangu. Majina ya watoto yameandikwa kwa wino wa buluu, mistari imenyooka kama iliyopigwa kwa rula, na siku za mvua kubwa za masika nusu ya ukurasa ni misalaba ya watoro. Pembeni, kwa mkono mwingine na wino mwekundu, kuna alama ndogo ya vema kila baada ya majuma kadhaa. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mapambo. Sasa naamini ni mkono wa mtu aliyetumwa kuhakiki, na kwamba babu aliandika kwa unadhifu ule kwa sababu mshahara wake ulitegemea ukurasa ule.

6. Je, ni kweli kwamba Kilimanjaro ilipendelewa?

Swali hili huulizwa kwa hasira na pande zote mbili, kwa hiyo linastahili jibu refu.

Hakukuwa na kifungu katika sheria ya 1927 kilichosema Wachagga wapewe zaidi. Lakini kanuni iliyoelezwa katika swali la 5, ya fedha kumfuata mwalimu mwenye cheti, ilikuwa na matokeo yasiyokwepeka: penye walimu waliokwisha kufunzwa fedha zilifika, na pasipo na walimu hao hazikufika, hata kama watoto walikuwapo na wazazi walikuwa tayari. Milimani kulikuwa na misheni tangu miaka ya 1890 na chuo cha ualimu Marangu tangu 1912. Sheria ilipoanza kufanya kazi, Kilimanjaro ilikuwa na watu wa kuwaonyesha wakaguzi. Sehemu nyingine za nchi hazikuwa nao, na kwa kuwa hazikupata ruzuku hazikuweza kuwafunza. Aliyenacho akaongezewa.

Tofauti hii inaonekana hata baina ya Moshi na Arusha, miji ambayo leo tunaitaja kwa pumzi moja. Reli kutoka Tanga ilikuwa imefika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ilhali Arusha iliipata mwishoni mwa mwaka 1929. Kwa Wameru, wamisionari wawili wa kwanza wa Leipzig waliuawa Akeri mwaka 1896, na kazi ilianza upya miaka kadhaa baadaye, huku sehemu kubwa ya ardhi ya chini ikichukuliwa na walowezi. Kwa Wamaasai, ambao maisha yao ni ya kufuata malisho, shule ya kukaa mahali pamoja ilikuwa mzigo mwingine kabisa. Kusema kwamba hawa walikataa elimu ni kuwaonea. Kanuni ya fedha ilitungwa kwa ajili ya watu waliokaa karibu na kanisa.

Kwa maoni yangu, neno kupendelewa si sahihi, lakini neno haki pia si sahihi. Serikali ilichagua njia nafuu kwake, na unafuu huo ulilipwa na wilaya nyingine.

7. Kahawa ilichangia kiasi gani?

Ilichangia sana, ila si kwa namna inayosimuliwa mara nyingi, kana kwamba chama kilitoa hundi na shule ikasimama. Chama cha wakulima wenyeji cha Kilimanjaro kilianzishwa mwaka 1925, kiongozi wake akiwa Joseph Merinyo, na nafasi ya chama hicho ikachukuliwa na KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima wa Kilimanjaro, mwaka 1933. Jambo la msingi lilikuwa kwamba mzee mwenye kihamba (shamba la ukoo) cha migomba na kahawa alikuwa na fedha taslimu mara moja kwa mwaka, baada ya kuuza, na fedha hizo zililipa kodi kwanza, kisha ada na sare. Hazina za wenyeji, zilizopata nguvu baada ya Sheria ya Tawala za Wenyeji ya 1926, nazo zilikuwa imara zaidi mahali ambapo watu waliweza kulipa kodi kwa wakati. Kwa hiyo kahawa iliingia shuleni kwa milango miwili, mfuko wa mzazi na hazina ya mangi (chifu wa Kichagga). Bei ilipoanguka, milango yote miwili ilifungwa pamoja (tazama swali la 13).

8. Je, Uingereza kwenyewe mfumo huu ulikuwapo, au ulibuniwa kwa ajili ya makoloni?

Ulikuwapo. Serikali ya Uingereza ilianza kutoa fedha za umma kwa shule za makanisa mwaka 1833, na kwa miaka mingi baada ya 1862 ruzuku ilitegemea matokeo ya watoto mbele ya mkaguzi. Sheria ya Elimu ya 1902 ilizipa halmashauri za mitaa mamlaka ya kutumia kodi kuendesha shule za sekondari na kusaidia za makanisa, jambo lililowakasirisha sana Wakristo wasio Waanglikana hadi wengine wakakataa kulipa kodi hiyo. Mwaka 1907 sekondari zilizotaka ruzuku kamili zilitakiwa kutenga kwa kawaida robo ya nafasi bila ada kwa watoto waliotoka shule za msingi za umma, na tangu 1919 kamati ya Burnham ikaanza kupanga viwango vya kitaifa vya mishahara ya walimu.

Maofisa waliokuja Dar es Salaam walikuwa wamekulia ndani ya mfumo huo. Walileta huku ukaguzi na vyeti. Nafasi za bila ada na viwango vya mishahara vilivyojadiliwa na walimu wenyewe havikuletwa.

## Walimu

9. Walimu wa Kiafrika walifunzwa wapi?

Kwa Walutheri wa Kaskazini, Marangu ndiyo ilikuwa mama. Serikali ilifungua chuo chake Mpwapwa mwaka 1926, na Waanglikana walikuwa na Mtakatifu Andrea, Minaki, kilichorithi kazi ya Kiungani, chuo chao cha Unguja. Mwalimu mzuri wa shule ya kati alikuwa bidhaa adimu, na aligombewa: ofisi ya serikali ilimtaka awe karani, mashamba ya walowezi yalimtaka awe mtunza hesabu, na chama cha kahawa kilimtaka apime mizani. Misheni, zilizokuwa zikilipa kidogo kuliko wote, zilifunza watu ambao mara nyingi hazikuweza kuwabakiza.

10. Wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa baada ya vita, shule zilifungwa?

Nyingi hazikufungwa, na hili ni jambo ambalo ningependa kila mtoto wa Kilimanjaro na Meru alijue. Mwaka 1920 Waingereza waliwarudisha kwao wamisionari wa Leipzig, wakaachwa wachache sana, baadhi yao wenye asili ya nchi za Baltiki. Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walikuja kusaidia mapema katika miaka ya 1920, na Wajerumani wakaruhusiwa kurudi katikati ya muongo huo. Katikati ya hayo yote walikuwapo walimu wa Kichagga, Kimeru na Kiarusha, waliofungua milango asubuhi, wakapiga kengele, wakafundisha, wakaongoza ibada, na mara nyingi hawakuwa na uhakika wa kulipwa.

Ruzuku ya 1928 ilikuta shule za kupewa kwa sababu watu hawa hawakuondoka. Ripoti rasmi huwataja kwa idadi, si kwa majina. Jambo hilohilo lilijirudia Vita Kuu ya Pili ilipoanza na Wajerumani kuzuiliwa tena.

11. Wanawake walikuwa wapi?

Walikuwapo, lakini fedha ziliwafikia mwisho. Wasichana walifundishwa zaidi na masista na wake wa wamisionari, na masomo yao yaliegemea ushonaji, usafi na malezi. Mwaka 1931 lilianzishwa shirika la masista wa Kiafrika la Mama Yetu wa Kilimanjaro, ambalo liliongeza walimu wa kike milimani. Kwa kuwa vyeti vingi vilikuwa vya wanaume, kanuni ya swali la 5 iliwabana wanawake kwa namna ileile ilivyozibana wilaya zisizokuwa na vyuo.

12. Kwa nini Kichagga kiliacha kutumika kufundishia?

Walutheri, Bruno Gutmann wa Old Moshi akiwa mstari wa mbele, waliamini kwamba mtoto anapaswa kufundishwa kwa lugha ya ukoo wake, na walichapa vitabu kwa Kimochi na Kimachame. Serikali ilichagua Kiswahili, na tangu 1923 Idara ya Elimu ilikuwa ikitoa gazeti la Mambo Leo ambalo walimu wengi walilisoma hadi likachakaa. Hakuna aliyelazimishwa kwa fimbo. Shule iliyotaka ruzuku ilifuata muhtasari wa serikali, na muhtasari ulikuwa wa Kiswahili. Shule za dini zisizokuwa na ruzuku ziliendelea na Kichagga kwa muda mrefu zaidi.

## Maswali magumu

13. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 uliathiri shule kiasi gani?

Uliumiza. Bei za mazao zilianguka, mapato ya serikali yakapungua, na bajeti ya elimu ilikuwa miongoni mwa zilizokatwa mapema. Ruzuku zilipunguzwa wakati uleule ambapo misheni zilikuwa zikipokea kidogo kutoka Ujerumani na wazazi walikuwa hawana fedha za kahawa. Kukata ruzuku hakukupunguza watoto darasani. Kulimpunguzia mwalimu mshahara.

14. Na watoto wa Kihindi na Kizungu wa Moshi na Arusha?

Shule ziligawanywa kwa rangi hadi uhuru. Zilianza kuunganishwa rasmi mwaka 1962. Jumuiya za Kihindi zilijenga shule kwa michango yao na serikali ikasaidia kwa ruzuku. Watoto wa Kizungu walipata shule ya bweni Arusha mwaka 1934. Kwa kila mtoto mmoja, serikali ilitumia zaidi kwa Mzungu, kisha Mhindi, na Mwafrika alikuwa wa mwisho kwa mbali, ingawa kodi ya nyumba na kichwa ya Mwafrika ilikuwa miongoni mwa nguzo kubwa za hazina. Anayetaka kujua kwa nini sekondari za Waafrika zilichelewa huku Kaskazini aanze na mgawanyo huo.

15. Babu yangu alifundisha miaka thelathini, lakini hakuacha pensheni. Alidhulumiwa?

Inategemea mwajiri wake. Mwalimu wa shule ya serikali alikuwa mtumishi wa serikali. Mwalimu wa shule ya misheni iliyopata ruzuku aliajiriwa na misheni, hata kama sehemu ya mshahara wake ilitoka serikalini. Serikali ilichangia kazi yake bila kuyabeba maisha yake baada ya kazi. Wazee wengi hawakuielewa tofauti hiyo hadi walipostaafu. Naliona hilo kuwa dhuluma ya mfumo, ingawa karatasi zinaweza kuonyesha kwamba kila mtu alitimiza alichoandikiwa.

16. Nina picha ya zamani ya babu akiwa na wanafunzi. Nitajuaje alifundisha shule ya aina gani?

Anza na umri wa waliomo. Watoto wadogo wakichanganyika na watu wazima, huenda ni shule ya katekisimu, isiyopata ruzuku. Vijana wa rika moja waliovaa sare, nyuma yao jengo la mawe lenye madirisha mengi, huelekea kuwa shule ya kati au chuo. Kisha tafuta karatasi. Cheti chenye daraja la mwalimu kinaonyesha kwamba alitambuliwa na serikali. Barua yenye muhuri wa usharika au parokia pekee inaonyesha mwajiri mwingine. Stakabadhi za kodi nazo zisitupwe, kwa kuwa huonyesha mwaka na eneo alilokuwa akiishi. Mwisho, geuza picha. Wapiga picha na wamisionari waliandika nyuma kwa penseli, na penseli, tofauti na wino wa siku zile, haiyeyuki kwa unyevu wa milimani.